Ukuta wa Uzi Mmoja

Sikio la kushoto la Bi Turubai lilikufa akiwa na miaka kumi na miwili. Wateja aliwaambia ni kelele za cherehani, nami niliamini hivyo kwa miaka tisa, maana karakana yetu ilikuwa na kelele za kutosha kuua sikio lolote. Yeye alishona maturubai upande mmoja, mimi nikichomelea vyuma upande wa pili, na katikati tulining'iniza magunia yaliyolowa maji ili cheche zangu zisitoboe vitambaa vyake. Ndiye aliyenibandika jina la Cheche. Alisema si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya hasira zangu, na hakukosea. Nimewahi kumrushia mteja nyundo kwa sababu ya bawaba ya geti. Ilimkosa, ikavunja dirisha la jirani, na mpaka leo ninalojutia ni dirisha tu.

Alishona mifuniko ya malori na mapazia ya maghala, lakini kazi aliyoipenda ni vivuli vya magari-nyumba. Haya ni yale magari yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, ambayo watu huzunguka nayo kutoka kambi moja hadi nyingine. Ndani mna nafasi ya kugeukia tu, kwa hiyo wakisimama hutaka kitu ubavuni mwa gari cha kukaa chini yake, wanywe chai na kukwepa jua. Wengi walikuja kwetu wakitaka jumba zima: vyumba viwili, madirisha ya plastiki, kuta pande zote, zipu kila kona. Bi Turubai aliwasikiliza kwa sikio lake moja, kisha akawaambia maneno yale yale.

"Nyumba mnayo, tena ina magurudumu. Kinachowapungukia ni kivuli."

Hapo huanza maswali yake. Mtakaa kila kambi siku ngapi? Upepo wa huko ukoje? Nani atakifunga? Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na meno. Mume akijibu "sisi," Bi Turubai alimgeukia mke, akamkabidhi nguzo na kumwambia ainyanyue juu ya kichwa. Mke akishindwa, nguzo ile haiuzwi, hata mume anune vipi. Wengi walinuna, nami nikajichekea nyuma ya magunia. Mwishowe karibu wote waliondoka na kitu kile kile: kipande kimoja cha turubai jepesi, upande mmoja unateleza kwenye reli ya ubavuni mwa gari, upande wa pili unashikwa na nguzo mbili, kamba nne na vigingi vinane. Hata aliye peke yake anakisimamisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Kuta alizichukia, na alikuwa na sababu. Alipokuwa mwanagenzi, fundi aliyemfundisha alishona kibanda cha kuta tatu, kila mshono mara mbili, wakaenda kukisimamisha kambini. Upepo ulikuja mchana kweupe. Uliingia kwa mbele, ukakosa pa kutokea, ukaking'oa kibanda kizima pamoja na vigingi vyake. Nguzo moja ilizunguka hewani ikamshukia yule mzee mdomoni, ikaondoka na meno sita na ncha ya ulimi. Bi Turubai alikipakata kile kichwa mapajani, damu ikimlowesha mpaka magotini, na mzee akawa anajaribu kumwambia kitu ambacho hakuweza tena kukitamka.

Tangu siku hiyo, mteja aking'ang'ania kuta, alimshonea, ila hakuzishona kabisa kwenye paa. Alizishikiza. Ni ule mshono mrefu wa muda ambao fundi nguo hupitisha kabla ya kushona kwenyewe, uzi mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukivuta ncha yake, uzi wote unafumuka, kuta zinaanguka na paa linabaki, upepo upite zake. Kwenye ncha alifunga ushanga mwekundu, na aliyeonyeshwa ushanga huo ni mwanamke wa gari peke yake. Nilimuuliza kwa nini mwanamume haonyeshwi. Alisema wanaume upepo ukivuma hukimbilia kukumbatia nguzo. Nilicheka, nikaliacha hapo.

Kaka yake alikuja asubuhi moja, akiendesha basi dogo kuukuu alilokuwa ameligeuza gari-nyumba. Miaka tisa nimefanya kazi na Bi Turubai na sikuwahi kusikia kwamba ana kaka. Alikuwa dereva mstaafu wa mabasi ya masafa marefu, mtu wa kifua na sauti ya kuamrisha. Wenzake walimwita Breki kwa kumkejeli, kwa kuwa abiria walikuwa wakishuka kwenye basi lake miguu inatetemeka. Nyuma yake alishuka mkewe, mwanamke mrefu aliyevaa blauzi ya mikono mirefu kwenye joto la kuyeyusha lami. Breki alitueleza mpango wake kwa furaha. Wangezunguka mwaka mzima, wawili tu, leo hapa kesho pale, bila watoto, bila majirani, bila mtu wa kuwagongea mlango.

Alijua alichotaka. Turubai zito, jeusi. Kuta tatu zenye zipu, bila dirisha hata moja. Nguzo za chuma kinene, na moja ya akiba.

"Mke wangu ana haya," alisema. "Hapendi kutazamwa."

Bi Turubai akauliza nani atakifunga. Breki akajibu kwamba ni huyo huyo mkewe, yeye amekwisha kufanya kazi ya kutosha maishani. Basi Bi Turubai akamkabidhi wifi yake nguzo. Ilipanda mpaka kifuani, ikapanda mpaka begani, hapo mkono wa kulia ukagoma kabisa na uso ukamkunjamana. Mkono wa blauzi uliteleza chini. Nilikuwa nimesimama penye upenyo wa magunia, nikaona michubuko kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko, ya zamani imegeuka njano, ya karibuni ingali zambarau. Bi Turubai naye aliiona. Akaichukua nguzo taratibu, akamuuliza wifi yake yeye mwenyewe angependa kivuli gani.

"Kile cha wazi, wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Kisicho na ukuta. Nataka watu wanione."

Breki akacheka. Alicheka huku amemshika mkewe mkono, na akawa anausokota polepole, kama mtu anayekamua nguo. Mwanamke akajishikiza kwenye meza ya kukatia.

Na mimi? Mimi niliyemrushia mtu nyundo kwa sababu ya bawaba, nilikuwa na nyundo mkononi, nikainamisha macho sakafuni. Nitasema kwa nini. Niliwahi kuinua mkono nyumbani kwangu, mara moja, na mke wangu hakungoja mara ya pili. Alifungasha nguo zake akaenda. Kwa hiyo ule msokoto niliutambua, nikaona aibu kana kwamba ni mkono wangu, na aibu ikanifunga mdomo. Nilijisemea kuwa mambo ya mke na mume hayanihusu. Ni uongo ambao nilikuwa nao tayari siku nyingi.

Bi Turubai alimwambia kaka yake kwamba kuta atashona, arudi baada ya wiki. Walipoondoka nilimvamia kwa maneno. Nilimwita mwoga, nikamwambia anamshonea yule mwanamke jeneza. Aliningoja nimalize, kisha akagusa sikio lake la kushoto.

"Nilimwagia chai kwenye shati lake jeupe," alisema. "Alifunga mlango kwanza, halafu akanipiga kwa ubao wa kitanda. Kaka yangu hufunga mlango kwanza, Cheche. Siku zote. Nje ya mlango hajawahi kumgusa mtu."

Akanieleza mengine akiwa anapima turubai, bila kuniangalia. Wifi yake alikwenda polisi mara mbili, akiwa amevunjika mbavu mara ya kwanza na bega mara ya pili. Mara zote mbili Breki alisema ameanguka bafuni, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeona vinginevyo. Sasa anampeleka kusiko na hata jirani wa kusikia kupitia ukutani. Mwaka mzima nyuma ya turubai jeusi, alisema, na wifi yake hatarudi hai. Halafu akachukua uzi mrefu na kuanza kuupitisha kwenye nta.

Mimi aliniomba jambo moja tu: nguzo nizitengeneze kwa bomba jembamba, nyepesi, hata kama kaka yake ameagiza nene. Nilikubali. Siku mbili baadaye Breki alipitia mwenyewe kukagua kazi. Alitazama viungo vyangu nilivyochomelea, akapitisha kidole juu yake, akasema hajaona fundi wa namna hii tangu azaliwe. Alinipaka mafuta nami nikavimba kichwa. Nilimtengenezea nguzo nene kama alivyotaka, laini, zimenyooka, hata ile ya akiba. Nilijivunia zile nguzo. Bi Turubai alipoziona alizipima uzito kwa mikono, akanitazama, akarudi kwenye cherehani yake.

Tulikwenda kuisimamisha kazi yetu Jumamosi, kwenye kambi ya nje kidogo ya mji. Palikuwa na magari-nyumba kama ishirini, watu wakikaanga, wakianika taulo, wakisoma magazeti kwenye viti vya kukunja. Breki alikuwa mbele akisukuma mawe chini ya matairi ili gari likae sawa. Bi Turubai akamvuta wifi yake kwenye kona ya ndani ya kibanda, akamwekea kidole kwenye ule ushanga mwekundu.

"Upepo ukija, wifi, vuta hapa," alimwambia. "Usingoje uwe mkubwa."

Siku hiyo hata jani halikutikisika. Mwanamke aliutazama ushanga, akamtazama wifi yake usoni, akaitikia kwa kichwa.

Gari la jirani, hatua kumi tu kutoka pale, lilikuwa la muuguzi mstaafu na mumewe. Walikuwa na kivuli cha kipande kimoja, kazi ya Bi Turubai ya miaka mitano nyuma, na muuguzi alipomtambua fundi wake akatukaribisha chai. Tulikaa tukiwa tunaangalia kibanda cheusi. Nilisikia zipu ya kwanza ikifungwa. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Redio ikawashwa, ikapandishwa sauti.

Mwanzoni niliitikia mazungumzo ya mume wa muuguzi kuhusu matairi. Kisha chini ya sauti ya redio nikasikia kishindo kizito, kama mtu anayekung'uta godoro. Kikaja kingine. Bi Turubai alikuwa amekaa sikio zima likiwa upande wangu, asiweze kusikia kinachotoka kule.

"Wameanza?" aliniuliza.

Nilimwambia ndiyo. Nilisimama, akanikamata mkono wa shati akanirudisha kitini. Aliniambia nikiingia mle Breki atasema ni ugomvi wa wanaume wawili, na kesho kutwa wataondoka zao. Ningoje. Sijawahi kungoja kitu kibaya kama kile. Vilikuja vishindo vingine vinne, na kwenye cha nne ilisikika sauti ya mwanamke, fupi, kama iliyokanyagwa. Muuguzi aliweka kikombe chini. Nilikuwa nimeuma shavu langu kwa ndani mpaka nikaionja damu.

Ndipo uzi ukatembea. Niliuona ukifumuka kwenye ukingo wa paa, tundu kwa tundu, kutoka kona moja ukipinda hadi nyingine. Ukuta wa kushoto ukaanguka kama shuka lililokatika kamba. Ukafuata wa mbele. Ukafuata wa kulia. Paa likabaki juu, na chini yake, kwenye mwanga wa saa tisa alasiri, alikuwa amesimama Breki, nguzo ya akiba ameiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Mkewe alikuwa chini kwa magoti. Pua yake ilikuwa imehamia pembeni, damu ikimtiririka kidevuni na kudondoka kwenye mkeka, na ule uzi mrefu ulikuwa umemzunguka ngumi nzima.

Mwanamume aliyekuwa akikaanga aligeuka na mwiko mkononi. Watu walikuwa wanasimama mmoja mmoja kwenye viti vyao. Breki alitazama kushoto, akatazama kulia, mikono ingali juu. Alikuwa anautafuta mlango.

Muuguzi akamwambia aweke chini hicho chuma. Sauti yake haikuwa kubwa. Pengine angekiweka. Lakini macho ya Breki yalimkuta dada yake, akaona jinsi alivyokaa, akaelewa ni mkono wa nani uliomfanyia hivyo. Zile hatua kumi alizimaliza kabla sijaweka kikombe. Bi Turubai alikuwa ndiyo kwanza anainuka. Aliinua mkono, nguzo ikauvunja mkono, ikaendelea, ikamkuta upande wa kulia wa kichwa. Ule mlio ninao mpaka leo. Chuma nilichokinyoosha mwenyewe kililia kama kengele, naye akaenda chini bila kujikinga.

Mimi nilianza na birika. Nilimmwagia chai ya moto usoni, akaachia nguzo, nikamwangusha. Nilimkalia kifuani nikampiga. Nilisikia taya lake likiachana, nikaendelea kupiga. Nilimpigia dada yake, nikampigia mkewe, na kuna mapigo ambayo nilikuwa najipiga mimi mwenyewe wa miaka ile, nyumbani kwangu, mke wangu ameegemea ukuta. Ngumi zangu zilikuwa zimechanika juu ya meno yake. Watu wawili walinivuta mabega nikawatupa. Aliyenisimamisha alikuja akitambaa, akanishika kisigino.

"Basi, fundi," alisema yule mwanamke kwa mdomo uliojaa damu. "Inatosha. Wameshaona."

Mashahidi walikuwa ishirini na watatu. Hakimu hakuwa na haja ya kuwasikiliza wote. Breki alifungwa miaka mingi, na anatafunia upande mmoja. Mimi nilihukumiwa kifungo cha nje kwa yale mapigo ya ziada, nikaona ni haki.

Bi Turubai alizinduka hospitalini siku ya tatu. Mkono ulipona, sikio la kulia halikupona. Wifi yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, pua imefungwa bandeji. Bi Turubai alianza kuuliza kitu, akagundua haisikii sauti yake mwenyewe, akashika ukingo wa kitanda kwa hofu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ana hofu. Wifi yake akakunjua kiganja. Ushanga mwekundu ulikuwa bado umo, umemwacha alama kwenye ngozi, na Bi Turubai akalia kwa sauti kubwa ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Siku hizi ni wifi anayewauliza wateja yale maswali, na Bi Turubai anawasoma midomo. Kuta hawashoni kabisa. Mteja aking'ang'ania anaonyeshwa geti.

Basi dogo lilibaki kwa mke. Alijifunza kuliendesha uwanjani kwetu, akanigongea pipa la maji mara mbili, na mwezi uliopita walipanga safari yao ya kwanza, yeye na Bi Turubai. Kivuli alikichagua mwenyewe. Ni turubai la rangi ya mchanga, kipande kimoja. Nguzo mbili nilizitengeneza kwa bomba jembamba, nikazikata fupi kuliko kawaida, pale pale mkono wake unapogoma. Ile nguzo ya akiba mahakama ilinirudishia. Niliikata vipande vinane, nikavichonga ncha, vikawa vigingi.

Niliwasindikiza kambi ya kwanza na pikipiki yangu, nikisingizia kwamba nataka kuona reli inavyofanya kazi. Wifi hakuniruhusu kugusa kitu. Aliteleza turubai kwenye reli, akasimamisha nguzo moja, akasimamisha ya pili, akapiga vigingi ardhini kwa nyundo, kimoja kimoja, vyote vinane, akitokwa na jasho. Watu wa magari mengine walipita wakatusalimia. Alikuwa amevaa blauzi isiyo na mikono.

Bi Turubai alikuwa kwenye kiti chake, mgongo kwa gari, akitazama kila upande. Wifi aliingia ndani kidogo na kuuegesha mlango nyuma yake. Bi Turubai akanishika mkono wa shati.

"Cheche," alisema, "unasikia nini?"

Nilisikiliza vizuri kabla ya kumjibu. Nikamgeukia, nikaongea polepole ili asome midomo, nikamwambia ni birika tu linachemka.